Karai Moja, Mkono Mmoja

Nyumba ya don Trinidad Huipe ilikuwa imepigwa deki tangu alfajiri, viti vya kuazima vimepangwa sebuleni, maua yamejaa hadi uani, na bado binti yake Yunuén hakupata pa kukaa. Akikaa sebuleni, kiti kinamchoma. Akiingia jikoni, mama yake anamtoa. Akienda uani, anaikuta nyama imekaa kwenye mabeseni na chumvi yake, mabega na mbavu na ngozi, inasubiri karai ambalo halijafika. Alirudi ndani, akapanga upya maua yaliyokuwa yameshapangwa, kisha akatoka tena.

Mchana wa siku hiyo watu wa mji wa Morelia walikuwa wanakuja kumposa. Mposaji aliitwa Rodolfo, daktari wa meno, mtu wa sauti ya chini na viatu vinavyong'aa, asiyekunywa kupita kiasi na asiyesahau siku ya mtu ya kuzaliwa. Hakuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililomkosesha Yunuén usingizi. Mtu mwenye kosa utamkataa kwa kosa lake. Huyu asiye nalo utamwambia nini?

Karai lenyewe lilikuwa la shaba, pana kama meza ya watu wanne, na don Trinidad alilirithi kutoka kwa babu yake. Kitako chake kilikuwa kimekonda kwa miaka mingi ya moto hadi kikatoboka, mafuta yakadondokea kwenye kuni na moto ukaruka nusura uunguze kibanda. Likapelekwa Santa Clara, mji wa wafua shaba, na fundi akaahidi kulirudisha jana. Fundi na ahadi, unawajua mwenyewe. Doña Rosario, mama yake Yunuén, alikuwa ameshazunguka uani mara nyingi huku akiomba watakatifu wote, wale wa kazi na wale wasio na kazi.

Honi ikalia nje. Yunuén akaenda kufungua geti, na mlangoni akasimama Eliseo, karai begani.

Jamani, moyo. Yunuén alikuwa amejizoeza kwa miaka miwili nini atasema siku wakikutana, na alikuwa na maneno mazuri tu, ya heshima na ya ukali kidogo. Hata moja halikuja. Alimtazama tu, naye akatazamwa, mpaka uzito wa shaba ukamkumbusha Eliseo kwamba ana mzigo.

"Habari za hapa," akasema.

"Nzuri. Pita."

Akapita. Aliliweka karai juu ya mafiga kwa uangalifu kama anayelaza mtoto, akaligonga kitako kwa kifundo cha kidole na kuinamisha sikio la kushoto kusikiliza. Sikio la kulia lilikuwa limekufa zamani. Wafua shaba wa Santa Clara huanza kushika nyundo wakiwa wadogo, na nyundo huchukua chake. Enzi zile za mapenzi yao Yunuén alijifunza kutembea upande wake wa kushoto bila kukumbushwa, na hata sasa, bila kufikiri, miguu yake ilimpeleka kusimama kushoto. Alipojigundua alisogea kando kwa hasira.

"Mjomba mwenye karakana alitaka kumtuma mtu mwingine," Eliseo alisema akilipangusa karai. "Nikamwambia nitalileta mwenyewe. Nilitaka nione kama mlango utafunguliwa na wewe."

"Umefunguliwa na mimi."

"Nimeona." Akainua macho, akayaona maua, akaviona viti kupitia dirishani, akaona na gauni lililotundikwa mlangoni kwa hanga, limepigwa pasi. "Wageni gani hao wanaopewa maua yote haya?"

Yunuén alichukua kisu. Alianza kukata machungwa, ingawa yalikuwa yameshakatwa ya kutosha makarai mawili.

"Leo?" Eliseo aliuliza.

"Leo mchana."

Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kulipangusa karai mahali palepale alipokwisha kupangusa.

Sasa kosa la Eliseo lilikuwa hili. Pale Quiroga, mji wa kina Yunuén, kwa watu wa nyama ya karai, kuna sheria ambayo haikuandikwa popote na kila mtu anaijua: karai moja, mkono mmoja. Aliyewasha moto ndiye anayekoroga mpaka nyama itoke. Mgeni anaweza kuisema vibaya nyumba yako, anaweza hata kuusema vibaya uso wako, mtaelewana. Lakini mwiko wako wa kukorogea hausogelei. Kumshikia mtu mwiko ni kumtangazia mbele za watu kwamba amekwisha. Eliseo alizaliwa katika nyumba ya shaba, si ya nyama. Aliyajua makarai, hakuzijua sheria zake. Siku alipokuja kuposa, miaka miwili nyuma, na mama yake na kapu la mikate mitamu, don Trinidad aliacha moto akaingia ndani ghafla, akakawia. Nyama ikaanza kushika chini. Kijana wa watu, kwa nia njema kabisa, akachukua mwiko akakoroga. Don Trinidad alipotoka akamkuta anakoroga mbele ya wageni wote.

"Toka," alisema. Neno hilo moja, na posa ikaishia hapo, mikate na yote.

Mji mzima ulisema don Trinidad ana kiburi. Ni Yunuén peke yake aliyejua alikwenda kufanya nini ndani. Alikuwa amemkuta wiki chache kabla, alfajiri, mbele ya moto, ameukamata mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kuruka. Mkono ulikuwa unatetemeka na haukusikia amri. Baba alimwapisha palepale asimwambie mtu, hata mama yake. Tangu hapo, kabla soko halijafunguliwa, nyuma ya mlango uliofungwa, aliyekoroga alikuwa Yunuén. Baba alitoka baadaye kukaa kibandani kuwatania wateja, na watu wakala, wakalamba vidole, wakasema mkono wa Trinidad hauzeeki. Ulikuwa mkono wa binti yake.

Na kwa sababu ya mkono huo ndiyo don Trinidad alimtaka daktari wa meno. Alimwambia mwanawe waziwazi, usiku mmoja wakiosha mabeseni: sitaki uzeeke ukiwa mkono wangu. Nenda ukawe mkono wako mwenyewe. Yunuén alilia usiku kucha, na asubuhi akasema sawa, watu wa Morelia waje.

"Nilikupigia simu mpaka namba yako ikanichukia," Eliseo alisema.

"Nilibadilisha."

"Najua. Mtu akiachwa kwa ajili ya mwanaume mwingine, anaelewa. Akiachwa kwa ulevi, anaelewa. Mimi nimeachwa kwa mwiko, Yunuén. Watu wakiniuliza kwa nini sijaoa, nawaambia nini? Mwiko?"

"Kuna kitu hujui."

"Basi niambie nisichokijua."

Alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa tayari kabisa, na kiapo kikauzuia. Akafumba. Eliseo akaguna na kupiga magoti kutazama chini ya karai, kwenye mshono mpya, shavu karibu na majivu. Sikio la kulia likawa juu, kwa Yunuén.

Naye akainama. Hakujua kama atainama mpaka alipokuwa ameinama. Akasema kwenye lile sikio lililokufa, kwa sauti ya pumzi tu, "Usiondoke. Nakupenda, usiondoke."

Eliseo hakugeuka. Alijikuna shingo, akasema mshono uko vizuri, akainuka. Yunuén alirudi kwenye machungwa yake. Alishukuru kwamba hakusikia, na papo hapo akaumia kwamba hakusikia.

Don Trinidad akatoka ndani na shati jeupe jipya. Alimwona Eliseo, akasimama. Doña Rosario alimwahi kabla hajasema lolote, akamweleza kwamba shaba iliyofuliwa upya lazima fundi aione ikipata moto wa kwanza, kwamba mshono ukitoa jasho mafuta yatamwagika na nyumba itaungua mbele ya wakwe, na kwamba yeye Rosario hakupiga deki tangu alfajiri ili aungue. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Akae pale kwenye kuni," alisema. "Na mikono yake akae nayo."

"Nitakaa nayo, don Trinidad," Eliseo alijibu.

Moto ukawashwa. Mafuta ya nguruwe yakaanza kuyeyuka, meupe pembeni na maji katikati, na yalipoyeyuka yote yakawa ya moto mabega yakaingia kwanza, kisha mbavu, ngozi ikasubiri zamu yake. Karai likaanza kuvuma. Don Trinidad alikoroga kwa mikono miwili, polepole, akiutegemeza mwiko kwenye ukingo wa shaba ili usionekane unavyocheza. Yunuén alimsogelea akamnong'oneza: leo atakoroga nani?

"Mimi."

"Baba, ni saa nyingi hizo."

"Kabla hujazaliwa nilikuwa nakoroga. Nenda kavae gauni."

"Ukichoka niite. Nitasema nimekuja kuonja chumvi."

"Binti yangu." Alimtazama kwa macho yaliyojaa moshi na mengine. "Leo niache niwe mwenye karai langu. Siku moja tu."

Akaenda kuvaa gauni.

Watu wa Morelia walifika na makapu ya mikate na matunda, chupa mbili zimefungwa utepe, na mama yake Rodolfo, doña Amparo, mwanamke wa manukato na maswali. Wakakaribishwa, wakasifu maua, wakasifu nyumba, wakasifu hali ya hewa ya Quiroga ambayo siku hiyo haikuwa na la kusifiwa. Doña Rosario alileta uji mtamu wa mahindi kwenye vikombe vya sherehe. Desturi ilikuwa baba wa binti aje kukaa nao nyama ikiiva, asikie posa, ndipo wale pamoja. Kwa hiyo ilibidi kuzungumza mpaka nyama iive, na kuzungumza na doña Amparo ni kazi. Aliuliza kama Yunuén anaweza kupika vitu vyepesi, maana Rodolfo ana tumbo jepesi. Aliuliza kama harufu ya mafuta hutoka kwenye nywele. Rodolfo aliona aibu, akabadilisha mazungumzo, akamwuliza Yunuén kwa upole kama amelala vizuri.

"Nimelala," Yunuén alisema, na ulikuwa uongo.

Mwili ulikuwa sebuleni, pua ilikuwa uani. Mtu aliyekoroga karai kila alfajiri hahitaji saa. Ilikuja kwanza harufu ya mafuta safi. Halafu maganda ya chungwa, halafu ule utamu mdogo wa maziwa yanayomwagwa ili nyama ipate rangi. Akajua baba amefika pale. Akajua kwamba sasa ndipo pagumu, nyama imelainika, ina uzito, na mwiko usipofika chini kabisa inashika. Alihisi mikono yake mwenyewe ikitaka kuzunguka mapajani. Aliinuka kuongeza uji ambao hakuna aliyeuomba. Alikaa. Aliinuka kufungua dirisha, na doña Rosario akamkanyaga mguu kistaarabu.

"Mtoto ana wasiwasi wa bibi harusi," doña Amparo akacheka. "Hata mimi sikula siku tatu. Haya, mwanangu, kabla baba yako hajaja, niambie mimi kama mama. Utaweza kuiacha Quiroga? Moyo wako utakuja wote Morelia, au nusu utabaki hapa?"

Rodolfo aliinamia kikombe chake. Yunuén alijua jibu linalotakiwa, alikuwa nalo mdomoni, neno moja tu jepesi. Ndipo ile harufu ilipomfikia. Bado haikuwa ya kuungua. Ni ile inayokuja kabla, kali kidogo, ya maziwa yaliyokamata shaba.

"Samahani," alisema akisimama. "Nyama inashika."

Mama yake akataka kumvuta gauni, akalikosa. Doña Amparo alifurahi kweli, akasema mke mwema hunusa jiko lake akiwa sebuleni, na kwamba yeye siku zote alitaka kuliona karai hilo la sifa. Wakainuka wote wakamfuata.

Uani don Trinidad alikuwa anapigana. Hakuna neno jingine. Shati jeupe limelowa, mwiko unagonga ukingo wa karai ta-ta-ta-ta, mafuta yanarukia kwenye mawe, na vipande vikubwa vya bega vimejikusanya katikati na havikubali kugeuka. Hatua moja kutoka kwake alisimama Eliseo, amefunga mikono nyuma, kidole kimeshika kidole mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Jasho lilimtiririka naye hakuwa ameshika kitu.

"Inashika," don Trinidad alikuwa anasema, bila kugeuka.

"Naiona."

"Unaiona, na umesimama."

"Karai ni lako, don Trinidad. Siku ile nilishika bila kupewa. Leo ukinipa, nitashika. Usiponipa, nitasimama hapa na wewe mpaka iungue yote."

Mzee akageuka kumjibu, na akawaona watu mlangoni.

Mficha maradhi, wazee wanasema, na mwisho wake mnaujua. Mbele ya wakwe, mbele ya mkewe, mwiko ulicheza mikononi mwake na hakuwa na pa kuuficha. Doña Amparo alirudi nyuma hatua moja. Rodolfo ndiye aliyesogea mbele, akamwuliza taratibu, kama anavyowauliza wagonjwa wake, mkono huo umeanza lini.

"Ni moshi tu," don Trinidad alisema.

"Si moshi, baba," Yunuén alisema. Kiapo kilikwisha hapo, na alihisi kifua kikifunguka. "Ni miaka miwili sasa. Siku ile ulipoingia ndani, uliingia kuuficha. Nami nimeuficha pamoja nawe mpaka leo. Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini?" doña Rosario alisema. Alikuwa ameifinyanga kanga yake ya jikoni kama mpira mikononi, macho yamejaa maji. "Mimi nalala naye kitanda kimoja. Mnadhani sijui kinachotetemeka? Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aniheshimu aniambie."

Eliseo hakuwa anamtazama yeyote ila ule mkono. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayesoma jina lake mahali asipolitarajia. Miaka miwili alikuwa amejiuliza mwiko ulikuwa na nini.

"Don Trinidad," alisema, "sikujua."

"Hukutakiwa kujua."

"Ningejua nisingekushikia. Ningekaa ndani nawe mpaka utulie."

Nyama ilikuwa imeanza kutoa moshi mwembamba kutoka chini. Mzee aliutazama moshi, akamtazama Yunuén katika gauni lililopigwa pasi, akamtazama tena kijana. Kisha akaunyoosha mwiko kumpa.

Ila vidole havikuachia. Vilikuwa vimekaza kwenye mti ule kama si vyake, na kadiri alivyojitahidi ndivyo vilivyotetemeka zaidi. Mtu mwingine angeunyakua. Eliseo hakuunyakua. Alifungua mikono yake nyuma ya mgongo, akasogea, akaiweka juu ya mikono ya mzee, mmoja juu ya mmoja, na wakaushusha mwiko pamoja mpaka chini kabisa ya shaba. Ukazunguka. Bega la kwanza likaachia, la pili likageuka na upande wake wa dhahabu, na ile ta-ta-ta-ta ikakoma.

Karai moja, mikono ya watu wawili. Watu wa soko wangeona wangejishika vichwa. Don Trinidad alikoroga, na machozi yakamtiririka hadi kwenye masharubu, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Yunuén alimpenda Eliseo wakati ule mpaka ikamuuma mbavuni. Alikuwa amempenda siku zote, lakini alikuwa amejifundisha kulikalia penzi hilo kama mtu anayekalia sanduku lisilofunga. Sasa aliinuka juu yake. Akamgeukia Rodolfo, maana huyo alistahili kuambiwa usoni.

"Wewe ni mtu mwema," alimwambia. "Nilikuwa nakwenda kukukubalia. Ningekuwa mke mzuri, na kila nikisikia harufu ya mafuta ningekuwa huku."

"Nilidhani unanipenda polepole," Rodolfo alisema.

"Nami nilidhani hivyo. Nisamehe."

Rodolfo akawatazama wale wawili kwenye karai. Alikuwa na macho, na mwenye macho haambiwi tazama. Alilifunga koti lake. Mama yake alikuwa ameshaanza kuamuru mikate irudishwe garini, na yeye akasema hapana, mikate ibaki, mkate haurudi ulikotoka. Kabla ya kuondoka alimfuata don Trinidad, akamwambia kuna rafiki yake Morelia anayetibu mishipa, kwamba ugonjwa huo una dawa za kuupunguzia kasi, na kwamba aje hata wiki ijayo. Mzee alisema hawezi kwenda kwa hisani ya mtu ambaye yeye amemvunjia posa.

"Posa imevunjika, simu haijavunjika," Rodolfo akasema, na akaenda zake. Doña Amparo alitoka bila kuaga, lakini inasemekana alichukua kipande kimoja cha ngozi.

Moto ukatolewa. Nyama ilitolewa kwenye mafuta, nyekundu na dhahabu, na chini ya karai pakabaki tabaka moja lililoungua, si kubwa. Yunuén alikunja mikono ya gauni lake la posa, akamwaga nyama juu ya ubao, akaanza kuichambua kwa vidole ingali inachoma. Ilikuwa laini, inaachana nyuzinyuzi kabla hujaivuta. Doña Rosario alileta chapati za mahindi zimefungwa kwenye kitambaa, pilipili ya kusaga na ndimu. Aliyekoroga ndiye huonja kwanza, hiyo nayo ni sheria. Yunuén aliijaza chapati ya kwanza, akanyunyizia chumvi, akasimama nayo mkononi, akiwa hajui ampe nani.

Don Trinidad aliichukua. Aliikata vipande viwili, vibaya, nusu ya nyama ikadondoka, akampa Eliseo kimoja. Wakatafuna bila kutazamana.

"Umekuja bila mama yako," mzee alisema baadaye.

"Nilikuja kuleta karai."

"Posa haiji bila mama."

"Nitamleta Jumapili."

"Mlete. Na aje na mikate mingine, hii ya leo si yenu." Alijifuta masharubu kwa bega. "Mshono wako haukutoa jasho."

"Haukutoa."

"Nimeona."

Akaenda kukaa kwenye kuni, mkono ukitetemeka wazi juu ya goti lake, na hakuuficha. Doña Rosario akaenda kukaa karibu naye, akaushika kama anayeshika kitu chake.

Eliseo alinawa, akafuta mikono, akachukua funguo za gari. Yunuén alimsindikiza hadi getini. Hofu ilimrudia, ile ya asubuhi, ya kwamba mtu huyu akipita geti dunia itamchukua tena. Alikuwa ametembea upande wake wa kushoto njia nzima.

Mlangoni Eliseo akasimama.

"Asubuhi," alisema, "nilipokuwa chini ya karai, ulisema kitu upande huu." Akaligusa sikio la kulia. "Sikulisikia neno, nilihisi joto lake. Nimekaa kwenye kuni saa zote zile nimefunga mikono nikijiuliza lilikuwa nini." Akageuza kichwa, akainama kidogo, akamletea sikio la kushoto. "Liseme upande huu."

Akalisema. Akalisema kwa sauti ya mtu ambaye hana tena cha kuficha, na kule kwenye kuni doña Rosario akamwambia mumewe asogee, amsikie vizuri binti yake.